"Pharma": neno fupi, ugomvi mrefu

Unalijua neno farmasi, liko kwenye kibao cha duka la dawa mtaani kwenu. Asili yake ya mbali ni Kigiriki, pharmakon, na Wagiriki wa kale walilitumia kwa dawa, kwa sumu na hata kwa uchawi. Usishangae. Sisi nasi tuna dawa ya malaria, dawa ya panya na dawa ya mapenzi.

Kutoka mzizi huo Kiingereza kilipata neno refu, pharmaceutical, kisha watu wa biashara wakalikata: pharma, yaani sekta nzima ya kutengeneza na kuuza dawa. Lenyewe halina ubaya. Kuna kampuni ya India inayojiita Sun Pharma tangu 1983, na chama cha kampuni kubwa za dawa Marekani, kilichoundwa 1958, kilijipa jina PhRMA mwaka 1994. Matata yanaanza ukitanguliza Big. Hapo neno linageuka lawama, kama Big Oil au Big Tobacco: kampuni zenye hela, mawakili na masikio ya wakubwa serikalini.

Lawama hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1997 Afrika Kusini ya Mandela ilipitisha sheria ya kurahisisha upatikanaji wa dawa nafuu, zikiwemo zinazoagizwa kutoka nchi ambako bei iko chini. Kampuni za dawa, 39 kwa jumla, zikaipeleka serikali mahakamani Pretoria. Wakati huo dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nani angeweza? Watu walikuwa wanakufa huku dawa ipo.

Februari 2001, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla, Mumbai, akatangaza kwamba mchanganyiko wa dawa tatu angewauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Aliwezaje? Sheria ya India ya 1970 haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, ilitoa kwa njia ya kuitengeneza tu. Wakati huo, ukipata njia yako nyingine, uliweza kuitengeneza bila kuvunja sheria ya nchi. Aprili mwaka huo huo, kelele za dunia zikiwa zimezidi, kampuni zile zikaondoa kesi.

Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anasema "Big Pharma haitaki tupone", namuuliza: ipi hiyo? Waliopandisha bei na aliyeivunja wote walikuwa wafanyabiashara wa dawa. Cipla yenyewe ni kifupi cha jina refu ambalo kampuni ilipewa ilipoanzishwa 1935, na ile P ya katikati inatokana na neno lile lile.