Hewa ya Majini na Ufugaji wa Samaki

Pembezoni mwa Dar es Salaam, toka Bunju upande wa Kinondoni hata Chamazi upande wa Temeke, wako watu waliochimba mabwawa ya samaki karibu na nyumba zao. Aghalabu mwenye bwawa huhesabu vifaranga, chakula na fedha. Walakini kitu kimoja hakihesabu kwa kuwa hakionekani, nacho ni hewa iliyomo majini. Asiyeijua hewa hiyo aweza kulala na mali, akaamka hana kitu.

Elimu yake haikuja kwa siku moja. Mwaka 1774 mhubiri wa Kiingereza, Joseph Priestley, alipasha moto unga mwekundu wa zebaki kwa kioo cha kukusanya jua. Ikatoka hewa iliyofanya mshumaa kuwaka kwa nguvu. Mfaransa Lavoisier ndiye aliyeiita oksijeni. Hata mwaka 1888 Lajos Winkler wa Hungaria akatoa njia ya kupima oksijeni iliyoyeyuka majini. Kwa vipimo vya namna hiyo twajua ya kuwa maji yenye joto hushika hewa haba: lita ya maji matamu kwa digrii 20 hushika miligramu 9 hivi, na kwa digrii 30 hushika 7 na nusu tu. Basi sisi watu wa pwani twaanza na akiba ndogo.

Katika nchi yetu majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Mabwawa mengi yalichimbwa, lakini yakaharibika kwa ukame, ufundi usiofaa na utunzaji mbaya. Mwaka 1967 serikali ikawahimiza watu tena, nayo kazi haikufaulu. Utunzaji mbaya ukawa tena miongoni mwa sababu.

Na hewa ni sehemu kubwa ya utunzaji. Mchana mimea midogo ya kijani iliyomo majini hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku hukoma kutoa, ikaivuta pamoja na samaki. Kadhalika samadi na mabaki ya chakula, vikioza, huimaliza. Kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu. Ukiona perege wametoa vinywa juu ya maji, jua wamekosa hewa. Kambale asikudanganye: yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hustahimili mahali perege afapo.

Hapo acha kulisha na kutia samadi, ukaingize maji mapya. Maji ya kisima kirefu mara nyingi yana oksijeni kidogo. Yaanguke toka juu, yapige mawe, yapate kuchanganyika na hewa.

Tena kiko kipimo cha kumwonya mtu mapema. Mwaka 1865 Padre Angelo Secchi alishusha sahani nyeupe baharini kupima wangavu wa maji. Nawe funga sahani kwa kamba uishushe bwawani: maji yakiwa ya kijani, nayo ikapotea kabla ya sentimita 20, mimea imezidi, na usiku hewa itapungua mno.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye bwawa na aamke kabla ya jua akatazame maji yake, maana humo imo ada ya watoto wake.