Swali la "Wako Wapi?": Ishara ya Dharura na Ziwa Victoria

Tarehe 16 Oktoba 1972 ndege ndogo iliyowabeba wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, ilipotea Alaska. Ilitafutwa kwa siku 39 na haikuonekana. Ninaianza historia hii angani kwa sababu msiba huo uliipa nguvu hoja kwamba kila chombo kibebe kifaa cha kupaza ishara chenyewe.

Lakini nani angeisikia? Mwaka 1979 Marekani, Muungano wa Kisovieti, Kanada na Ufaransa zilikubaliana kuunda mfumo wa setilaiti wa Cospas-Sarsat. Wakati huo Vita Baridi vilikuwa vinaendelea! Setilaiti ya kwanza, ya Wasovieti, ilirushwa mwaka 1982, na Septemba hiyohiyo ikasaidia kuokoa watu watatu walioanguka na ndege Kanada.

Kifaa cha melini hujifungua meli inapozama, kikaelea na kutuma mawimbi ya megahezi 406 yenye namba yake ya utambulisho. Aliyewahi kusimama Wandegeya anaijua kanuni yake: honi ya bodaboda huwa nyembamba ikija, nzito ikishapita. Setilaiti zile za mwanzo zilipima badiliko la namna hiyo ili kukokotoa mahali ishara inapotoka.

Je, kwetu? MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati la Ukara, Tanzania, wakafa watu zaidi ya 200. Tarehe 24 Novemba mwaka huohuo MV Templar ilizama Mukono, jirani na Kampala, ikiwa na watu wa starehe. Vyombo vyote viwili vilijaza kupita kiasi, na vyote vilizama karibu na nchi kavu. Wavuvi walikimbilia kuokoa. Sikubali, basi, kwamba kifaa hiki kingebadilisha mengi siku hizo. Mahali palijulikana.

Swali la "wako wapi?" ni la mvuvi anayetoka usiku kwa mtumbwi wa mbao, dhoruba ikamkuta mbali. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1974 uliandikwa kwa ajili ya meli za safari za kimataifa. Mtumbwi wa Ggaba haumo. Mvuvi huifunga simu yake ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Mtandao ukikatika, wanaojua alikoelekea ni wale waliobaki mwaloni.