Pesa Zilizoingia kwa Mlango wa Zahanati

Nikimwambia mtu wa Nairobi kwamba natoka Samburu, ananiuliza kuhusu ngamia na shanga. Hapana, bana. Samburu yetu iko Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ukishapita Mariakani ukielekea Taru, pale malori yanapopumzika. Wengi wetu ni Waduruma. Mvua ikikataa, na hukataa mara nyingi, vijana wanashuka pwani kutafuta kazi. Wengine wanaishia Mombasa, wengine wanapitia Kinango hadi Ukunda na Diani kwenye mahoteli. Na kuna wale wanaoshuka kwa sababu moja tu: Samburu kila mtu anamjua mama yako.

Hao wa mwisho ndio nawaandikia hapa, lakini sitaandika juu ya mapenzi yao. Nataka kuandika juu ya pesa. Historia ya mashoga na wasagaji wa pwani huandikwa kama historia ya dhambi au historia ya haki, kutegemea nani ameshika kalamu. Mimi niliijua kupitia bajeti. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma, nikaanza kuandika kwa malipo: CV, barua za kazi, baadaye maombi ya ruzuku. Kikundi kimoja cha Ukunda kiliniita nikiandikie ombi. Nikapewa karatasi zao zote za zamani nizisome. Neno shoga halikuwemo popote. Kulikuwa na "vijana walio katika hatari", kulikuwa na "afya ya uzazi", kulikuwa na "uwezeshaji". Nikamuuliza mweka hazina wao, mama mmoja mtu mzima ambaye wote wanamwita Anti, mbona hamsemi nyinyi ni nani? Akacheka. Akasema, "Mwanangu, hilo jina halina mstari kwenye bajeti."

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Watu husema mambo haya yaliletwa na pesa za wazungu. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd alifanya utafiti Mombasa na mwaka 1987 akachapisha makala kuhusu mashoga na wasagaji wa mji ule, miaka mingi kabla ya mfadhili yeyote kufikiria kuwaandikia hundi. Aliona kwamba walijulikana, kwamba walikuwa na nafasi yao katika ngoma na arusi, na kwamba kilichompa mtu heshima au kumnyima kilikuwa zaidi cheo na mali kuliko nani analala na nani. Mwenye nacho alimlea asiye nacho. Mwanamke tajiri alimlipia nyumba mwanamke maskini, akamvisha, akamtoa kwa ndugu waliomsumbua. Sikubaliani na Shepherd anapofanya karibu kila kitu kiwe uchumi. Watu pia hupendana, hata wakiwa na njaa. Lakini kuna kitu alikiona vizuri. Pwani hii, anayelipa kodi ya nyumba ndiye mwenye sauti ndani ya nyumba. Ukikumbuka hilo, mengine yote yanayofuata hayakushangazi.

Kabla ya ruzuku kulikuwa na mchango. Mtu amefukuzwa nyumbani, mnachanga. Mtu amekamatwa na polisi wanataka "kitu kidogo", mnachanga haraka zaidi. Mtu amekufa na familia imekataa maiti, hapo ndipo mchango ulikuwa mkubwa. Hakuna aliyeandika risiti, kwa hivyo historia hiyo haina kumbukumbu, ila ipo midomoni kwa watu.

Halafu ukaja ukimwi, na pamoja nao daftari. Marekani ilianzisha mfuko wa PEPFAR mwaka 2003. Mwaka 2007 watafiti walichapisha hesabu ya kwanza ya aina yake: wanaume wanaouza ngono kwa wanaume Mombasa na viunga vyake walikadiriwa kuwa 739. Mwaka 2009 ripoti ya kitaifa ikasema asilimia 15.2 ya maambukizi mapya Kenya yalihusu wanaume wanaofanya ngono na wanaume, pamoja na wafungwa. Namba hizo ndizo zilizofungua mikoba. Ghafla watu ambao sheria ya makosa ya jinai, kifungu cha 162, iliwatishia kifungo cha miaka 14, walikuwa na mstari katika mpango wa serikali hiyohiyo wa kupambana na ukimwi. Wakapewa na jina la kitaalamu, KP, ambalo ukilisema ndani ya matatu hakuna anayegeuka.

Kuingia kwa mlango wa zahanati kuliokoa maisha. Sitaki mtu anisome vibaya hapo. Dawa zilipatikana, kondomu na mafuta yake yalipatikana, na vijana wakaajiriwa kama waelimishaji rika, wakalipwa posho. Ila mlango huo ulikuwa na upana wake. Wasagaji hawakupita, kwa sababu takwimu za virusi hazikuwahesabu kuwa hatari kubwa. Msichana wa Kidigo kutoka Msambweni aliyetoroka kuozwa kwa nguvu hakuwa na ugonjwa wa kumpa mfadhili. Alikuwa na shida tu. Na vikundi vikajifunza kujieleza kwa ugonjwa. Nimesoma maombi ambayo ukiyatoa neno "virusi" hayabaki na sentensi.

Na zahanati yenyewe haikuwa salama. Februari 2010, Mtwapa, uvumi wa arusi ya wanaume wawili ulienea. Baadhi ya viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wakasimama pamoja kulaani. Tarehe 12, siku ya Ijumaa, umati ukaizingira kliniki ya KEMRI, taasisi ya utafiti ya serikali, kwa sababu ilikuwa ikiwahudumia watu hao. Watu walipigwa. Polisi wakawachukua wengine rumande, wakisema ni kwa usalama wao. Arusi haikuwepo. PEMA Kenya, shirika lililozaliwa Mombasa mwaka 2008, baadaye likafanya jambo ambalo wafadhili wachache wangelibuni: likaenda kuketi na masheikh na wachungaji, mmoja mmoja, kikao baada ya kikao. Kazi ya namna hiyo inapimwaje kwenye ripoti ya miezi mitatu? Utaandika "sheikh mmoja ameacha kututukana msikitini"? Ukweli ni kwamba hiyo ingekuwa habari kubwa kuliko semina kumi.

Wakati huohuo Nairobi kulikuwa na wazo lingine. UHAI EASHRI ilianza mwaka 2009, mfuko wa kwanza Afrika kuanzishwa na Waafrika wenyewe kwa ajili ya makundi haya pamoja na wafanyakazi wa ngono. Ughaibuni mifano ilikuwepo: Astraea ya New York tangu 1977, Mama Cash ya Amsterdam tangu 1983, zote mbili zilianzishwa na wanawake waliochoka kuombaomba kwa watu wasiowaelewa. UHAI ikaleta wazo hilo nyumbani, ikahudumia nchi saba: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Ethiopia na Kongo ya Kidemokrasia. Jambo la maana zaidi lilikuwa nani anaamua. Maombi yalipelekwa mbele ya kamati ya wanaharakati kutoka makundi hayohayo, watu wanaojua maana ya mwenye nyumba kubisha mlango saa nne usiku.

Hili nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu watu hulipita haraka. Mfadhili wa kawaida anapenda shughuli. Atalipia semina, ukumbi, soda, mandazi, nauli na fulana zenye nembo yake. Hatalipia kodi ya nyumba. Sasa fikiria: kikundi cha watu ambao shida yao namba moja ni kukosa pa kulala salama kinapewa pesa za kukodi ukumbi wa hoteli Diani siku mbili, wajadili usalama, kisha kila mtu arudi alikotoka. Mtu aliyewahi kulala kituo cha basi Ukunda hawezi kuandika bajeti ya namna hiyo, na hawezi kuipitisha akiwa kwenye kamati. Ndiyo maana nani anaketi mezani si suala la adabu tu.

Hata hivyo nisiwapambe. Mfuko ulioko Nairobi bado unachota kisima chake kwa mashirika ya Ulaya na Marekani, fomu bado zinataka Kiingereza cha kujieleza, na Kiingereza hicho ndicho kilichonipa mimi kazi.

Kisha 2015, na hapa hadithi inakuja kwetu kabisa. Picha za ngono za wanaume, zilizosemekana zilipigwa Ukunda, zilisambaa mitandaoni. Mwezi Februari polisi wakawakamata wanaume wawili kwenye baa. Wakapelekwa hospitali Mombasa, wakafanyiwa uchunguzi wa njia ya haja kubwa kwa nguvu, ati kutafuta ushahidi, na wakapimwa virusi vya ukimwi na homa ya ini. Wengi walihama Ukunda wiki zile. Septemba mwaka huo PEMA na Human Rights Watch walitoa ripoti ya pamoja kuhusu mashambulizi ya pwani, na Kwale ilikuwemo.

Wale wawili walienda kortini. Juni 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema uchunguzi ule ulikuwa halali. Wakakata rufaa. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, papo hapo Mombasa, ikasema la: kumfanyia mtu hivyo ni kuvunja katiba. Kwa hiyo leo daktari yeyote Kenya akiambiwa amfanyie mshukiwa kipimo kile, anaweza kukataa kwa sababu ya kesi iliyoanzia baa ya Ukunda. Shirika lililosimama nao, NGLHRC, lilikuwa wakati huo bado linapigania cheti chake chenyewe. Bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa kulisajili mwaka 2013 kwa sababu ya maneno mawili yaliyomo katika jina, mashoga na wasagaji. Mahakama Kuu ikawapa haki Aprili 2015, Mahakama ya Rufaa Machi 2019, na Mahakama ya Juu tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu kwa wawili. Miaka kumi kwa karatasi moja.

Mtu anaweza kuuliza karatasi ina maana gani. Bila cheti hufungui akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Bila akaunti wafadhili wengi hawakutumii kitu. Kwa hiyo vikundi vya vijijini vilijisajili kama vikundi vya ufugaji kuku, sabuni na afya ya vijana, au vikakaa chini ya mwavuli wa shirika kubwa lililopokea pesa kwa niaba yao na kukata chake. Au pesa zikapitia M-Pesa ya mtu mmoja. Hapo ndipo vikundi vingi vilikufa, kwa ugomvi wa simu ya nani, wala si kwa umati wenye mawe.

Hukumu ya 2023 ilipaswa kuwa sherehe. Badala yake mbunge George Kaluma aliandaa mswada wa kuongeza adhabu, Uganda ikapitisha sheria yake kali mwezi Mei, na Septemba watu wakaandamana Mombasa. Kwenye mabango na mimbari wimbo ukawa uleule: pesa za kigeni. Hapo ndipo huwa nashikwa na kicheko kichungu. Openidemokrasia, wale waandishi wa London wa openDemocracy, walichunguza mwaka 2020 wakakuta makundi ya Kikristo ya mrengo wa kulia Marekani yalikuwa yametumia angalau dola milioni 54 Afrika tangu 2007. Kisima cha kwetu Samburu kilichimbwa na wafadhili na hakuna aliyekiita utamaduni wa kigeni.

Lakini shutuma hiyo ina punje ya ukweli ndani yake, nayo ilionekana tarehe 20 Januari 2025. Donald Trump aliapishwa, na siku hiyohiyo akatia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ndani ya wiki moja vituo vya KP nchini vilikuwa vimefunga milango. Msamaha ulipokuja kwa dawa za kuokoa maisha, vidonge vya kujikinga na virusi viliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Soma tena sentensi hiyo. Kwa miaka kumi na mitano vijana wa pwani walijieleza kwa lugha ya virusi ili wapate mlango, kisha mlango ukafungwa na mtu aliyeko Washington ambaye hajui Msambweni iko wapi. Wakaambiwa waende hospitali ya kawaida, wapange foleni na jirani, na mwalimu wao wa madrasa, na shangazi.

Anti hakulia wala hakutoa hotuba. Aliita kikao, akasema wenye dawa za miezi mitatu wagawane na wenye za wiki mbili. Daktari yeyote atakuambia hilo si sawa. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama nina wazo lingine. Kisha akamtuma kijana wa boda kwa nesi mmoja anayemwamini, muuguzi wa hospitali ya serikali, Mwislamu wa kufunga sunna, ambaye alikuwa mmoja wa waliowahi kuketi kwenye vile vikao vya miaka ya nyuma na kusikiliza. Huyo nesi akawapangia siku, wawili wawili, saa za mchana wakati foleni imepungua.

Maombi mawili niliyowaandikia mwaka huu hayajajibiwa. Kikundi kimerudi kwenye mchezo: kila Jumapili mtu anatoa shilingi 200, na wa zamu anapokea, isipokuwa kuna dharura. Juzi Anti alinionyesha daftari. Bado analichora kwa kalamu na rula kama alivyofundishwa na wakaguzi, tarehe, kiasi, risiti namba, sahihi mbili. Ile safu ya mwisho, ya mstari wa bajeti, ameiachia nafasi pana, na ndani yake ameandika majina ya watu.