Kazi ya bei ya chini Bukavu: ni nani anayelipa tofauti?

Katika makanisa yetu ya mashariki, kuanzia Uvira mpaka Butembo, ombi la kazi linarudi karibu kila juma. Mungu anajibu, ndugu anapata kazi, na miezi miwili baadaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa pesa. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana: mtu anafanya kazi siku sita kwa juma na nyumba yake haisimami.

Hatusemi hapa juu ya mama mwenye meza ya biashara anayemlipa kijana kile anachoweza. Tunasema juu ya biashara ambayo faida yake imejengwa juu ya mshahara mdogo, hata kama mauzo ni mazuri.

Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1928 wakoloni Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu na kuipa mamlaka juu ya ardhi kubwa. Katika Bushi na kando ya ziwa, vilima vikawa mashamba ya kahawa, chai na kinkina, mti ambao maganda yake yanatoa kinini. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa pesa, na pesa ilipatikana kwa mzungu mwenye shamba. Mshahara wa mwanaume ulipimwa kana kwamba mke wake, huko kijijini, atalisha nyumba kwa muhogo na maharagwe yake. Kwa hiyo bei ya kazi ilikuwa chini kwa sababu mwanamke alilipa sehemu yake bila kuandikwa popote.

Leo familia hiyo inaishi Kadutu au Panzi, juu ya mteremko, bila shamba. Unga wananunua, makala wananunua, hata maji mara nyingi wananunua. Lakini hesabu ya mshahara, kwa waajiri wengi, imebaki ile ya shamba la mke.

Sheria inasema nini

Sheria ya kazi ya nchi yetu ni ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016. Mshahara wa chini kabisa, ambao wengi wanauita SMIG, unawekwa na serikali kwa siku moja ya kazi. Mwaka 2018 uliwekwa faranga 7,075. Kwa mwezi wa siku 26 hiyo ni faranga 183,950, ambayo wakati ule ilipita dola 110. Kiasi hicho kilikaa miaka saba. Mwanzoni mwa 2025 faranga zile zile hazikufika dola 70, na Bukavu kodi ya nyumba inahesabiwa kwa dola. Hakuna mwajiri aliyepunguza mshahara kwenye karatasi; faranga ndiyo iliyoanguka, na yule anayeuza kwa dola na kulipa kwa faranga alipata faida pasipo kufanya lolote. Mwaka 2025 kima kilipandishwa hadi faranga 14,500, na kikapangwa kufika 21,500 kuanzia Januari 2026.

Lakini kima hicho kinamsaidia aliye na mkataba na mwajiri anayeogopa ukaguzi. Wengi hawana. Ni wafanyakazi wa siku, wale tunaowaita majurnalie: wapakuaji, wasaidizi wa waashi, vijana wa viwandani, sentineli wa usiku. Mtu anaitwa “wa siku” kwa miaka minne. Hapa sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Mfanyakazi wa siku aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Ndiyo maana baadhi ya waajiri wanamwambia mtu apumzike kidogo anapokaribia siku hizo, kisha wanamrudisha. Wanaijua sheria vizuri sana.

Asiye na mkataba hana pia CNSS. Mwajiri anapaswa kutoa asilimia 13 juu ya mshahara, na mfanyakazi asilimia 5, kwa ajili ya uzee, ajali za kazi na posho za familia. Mwajiri asipoandikisha watu wake, anaokoa pesa hizo leo, na siku mguu unapovunjika kiwandani mchango unafanyika kanisani, ndani ya kapu la sadaka.

Tofauti inalipwa wapi

Mshahara usiotosha haumaanishi kwamba gharama imetoweka. Mtu mwingine anailipa. Bukavu, mara nyingi ni mama. Kando ya ziwa, pale Muhanzi, na kwenye njia zinazopanda Kadutu, kuna wamama wanaobeba magunia mgongoni, kamba ikikaza paji la uso, mizigo ambayo mwanaume mwenye nguvu angesita kuinua. Wengi wana mume mwenye kazi au aliyekuwa na kazi. Likelemba, deni la duka, binti aliyeachishwa masomo ili alinde wadogo zake: hizo zote ni sehemu za mshahara ambao haukulipwa.

Walimu wetu wanalijua jambo hili. Serikali ilipoacha kulipa ipasavyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi walianza kutoa primu ili shule zisifungwe, zikiwemo shule nyingi za makanisa zilizo chini ya mapatano ya 1977. Mshahara wa mwalimu ukawa mzigo wa jurnalie na wa mbeba magunia. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Septemba 2019, wazazi walipumua, lakini mwalimu asiye kwenye orodha ya malipo ya serikali alibaki bila primu na bila mshahara.

Uchumi wa mji unaumia pia. Mfanyakazi wa kiwanda ndiye mnunuzi wa sambaza, wa kitenge, wa bati. Akikosa, soko la Kadutu linauza kidogo, na muuzaji naye anatafuta msaidizi wa bei ya chini zaidi. Henry Ford, ambaye hakuwa mtu wa huruma nyingi, alitangaza dola 5 kwa siku huko Marekani mwaka 1914 kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wanaacha kazi kwa wingi, na kila mara alifundisha wapya kwa hasara.

Ni haki kusikia upande wa mwajiri. Umeme unakatika, barabara ni mbovu, kodi na vizuizi ni vingi, na tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 na benki kufunga milango, hata kupata noti za kulipia watu kumekuwa shida. Kuna wanaolipa kidogo kwa kuwa hawana. Lakini anayejenga ghorofa la tatu huku watu wake wakikopa unga, huyo hatumweki katika kundi hilo.

Madai yanaweza pia kufika mbali. Wafanyakazi 168 walioachishwa Bralima Bukavu kati ya 1999 na 2003, wakati wa vita, walipeleka malalamiko yao Uholanzi, nchi ya Heineken iliyokuwa na kampuni hiyo wakati ule, mwezi Desemba 2015. Mapatano yalitangazwa Agosti 2017. Walikuwa wamedai kwa zaidi ya miaka kumi, wakiwa pamoja na wakiwa na karatasi zao.

Maandiko hayakuacha jambo hili kwa wanauchumi. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 linataka kibarua alipwe kabla jua halijatua, na Yakobo 5:4 anaupeleka mshahara uliozuiliwa mbele za Bwana kama kilio. Parokia zenye sentineli, mpishi au karani ziko chini ya sheria ile ile ya 2002, na mashemasi wa fedha wanaweza kuanza hapo kwa kuhesabu siku 22.

Kwa ndugu aliye kazini bila mkataba: andika kila siku uliyofanya katika kaye, pamoja na kiasi ulicholipwa na jina la aliyekupa kazi. Kesi ya kazi inaanza kwa Mkaguzi wa Kazi, anayejaribu kupatanisha, kabla haijaenda mahakamani. Na usikawie: dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipopaswa kulipwa.