"Hii Inakuhusu Nini?" Swali Lililobadilisha Sheria Zetu

Wasee wa Nairobi, next time mko Uhuru Park mkipiga picha, kumbukeni hapo palikuwa pasimamishwe jengo la ghorofa 60. Si stori za kijiweni. Mwaka 1989 serikali ya KANU ilitaka kujenga hapo makao makuu ya chama na ya gazeti lake, Kenya Times.

Wangari Maathai akakataa. Akaandika barua kwa wakubwa, wabunge wakamcheka, naye akaenda kortini. Jibu alilopewa, kwa ufupi, lilikuwa: hii inakuhusu nini? Jaji aliona hajaonyesha hasara yoyote iliyompata yeye binafsi, kwa hivyo hakuwa na haki ya kushtaki. Mali ya umma ilipaswa kutetewa na Mwanasheria Mkuu. Na Mwanasheria Mkuu alikuwa wa nani? Wa serikali ile ile.

Jengo halikujengwa, kwa sababu kelele zilifika nje na wafadhili wakarudi nyuma. Lakini sheria ilibaki vile vile. Park ilipona, na korti ikabaki imefungwa kwa mwananchi.

Ruka hadi 1998. Ikajulikana kwamba Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000, umeanza kugawiwa watu binafsi wajenge. Safari hii mama hakuachwa peke yake. Wabunge wa upinzani walienda naye, waandishi wa habari pia. Januari 8, 1999, walipofika langoni kupanda mti, genge liliwavamia na Maathai akapasuliwa kichwa. Wiki hizo wanafunzi wa vyuo vikuu, watu wa rika letu, wakaingia barabarani na kupambana na polisi. Agosti mwaka huo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya mazingira, ile inaitwa EMCA. Sisemi Karura ndiyo iliyoiandika. Ilikuwa imepikwa kwa miaka. Lakini soma kifungu cha 3: kila mtu Kenya ana haki ya mazingira safi, na anaweza kwenda mahakamani kuitetea hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara. Mlango uliofungiwa Maathai 1989 ukafunguliwa kwa kila mtu. Mwaka 2010, Wakenya zaidi ya milioni 6 walipopigia Katiba kura ya Ndiyo, haki hiyo iliingia humo, kifungu cha 42 na cha 70.

Na hayo si maneno ya karatasi tu. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwapa watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido na majirani wakaenda kortini. Mwaka 2020 wakapewa fidia ya Sh1.3 bilioni, kesi ikapingwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Point yangu ni hii. Jasiri mmoja anaweza kuokoa park moja. Kubadilisha sheria kunataka umati, tena umati wa watu wasiofanana: mwanafunzi, mbunge, wakili, mama mboga, mtu wa kanisa na wa msikiti. Sisi vijana tumezoea kupost mto umejaa plastiki, tunapeana likes sisi kwa sisi, halafu tunalala. Mzazi wako hajaiona hiyo post. Wala yule jamaa wa bodaboda anayevuka huo mto kila siku.

Katiba, kifungu cha 118, inalazimisha Bunge kushirikisha umma linapotunga sheria. Mswada wa mazingira ukitangazwa, usitume maoni yako pekee. Upeleke kwa chama cha mama yako, kwa kwaya, kwa stage. Mtu akiuliza hiyo inamhusu nini, mwambie hilo swali lilijibiwa 1999.