Mshipi na Baruti: Habari za Uvuvi wa Dar es Salaam

Leo tunasoma historia ya wavuvi wa Dar es Salaam. Fuateni maneno kwa kidole, mstari kwa mstari.

Zamani mahali hapa paliitwa Mzizima. Kilikuwa kijiji kidogo cha wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji, akauita Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1870, na ujenzi ukazorota. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapa makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo. Watawala walibadilika, lakini wavuvi waliendelea kutupa mishipi yao.

Mlango wa bandari, kati ya Magogoni na Kigamboni, ni mwembamba. Maji yakijaa au yakipwa, hupita hapo kwa nguvu na kuchukua dagaa. Samaki wakubwa huwavizia. Basi mtu asiye na ngalawa aweza kuvua akiwa amesimama ufukweni. Wala chambo si lazima kiwe nyama. Hufunga unyoya mweupe au kitambaa penye ndoana, akatupa, akauvuta mshipi upesi. Kolekole huona kitu kinachometameta, hukidhania dagaa, naye hukimeza. Ndoana moja, samaki mmoja.

Baadaye walitokea watu waliovua kwa baruti. Walitaka samaki wengi kwa saa moja. Lakini mlipuko huua wakubwa na wachanga pamoja, na huvunja matumbawe, ambayo ni nyumba ya samaki. Wa kwanza kuumia ni yule wa mshipi, maana hana chombo cha kumfikisha mbali. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilikataza baruti. Mwaka 1975 maji ya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini yalitengwa kuwa hifadhi. Hata hivyo, milipuko ilisikika kwa miaka mingi baada ya hapo. Sheria peke yake haikutosha. Ilihitaji macho ya watu wa pwani wenyewe.

Wazee husema: Haraka haraka haina baraka.

Sasa andikeni majibu:
1. Dar es Salaam iliitwaje zamani?
2. Kwa nini kolekole hudanganyika na unyoya?
3. Baruti humdhuruje mvuvi wa mshipi?

Kwaherini, hadi somo lijalo.