Bustani ya Wote na Sauti ya Raia: Habari za Uhuru Park, Nairobi



Katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, twaona ni vema kutenga kurasa chache kwa ajili ya historia. Chama cha ustawi hakiishi kwa michango na hesabu peke yake. Huishi pia kwa kukumbuka. Na jambo tunalotaka likumbukwe ni ardhi ya wote iliyo katikati ya miji yetu: viwanja, bustani na vivuli ambavyo hati yake haimo mkononi mwa mtu mmoja, na kwa sababu hiyo huwa vyepesi kuchukuliwa. Tumechagua habari za Uhuru Park ya Nairobi kwa kuwa zinajulikana waziwazi, na mafunzo yake yamhusu kila mkazi wa mji, mkubwa kwa mdogo.

Bustani na Watu Wake

Bustani hiyo ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ipo chini ya kilima, kando ya barabara kuu ya Uhuru Highway, na eneo lake ni kama hekta 13. Ina ziwa dogo lililochimbwa kwa mikono ya watu, nyasi, miti, na mahali pa mikutano. Kwa mtu mwenye nyumba yenye ua na maua, hekta 13 katika mji mzima ni kitu kidogo. Bali kwa mfanyakazi alalaye chumba kimoja pamoja na mkewe na watoto, huo ndio ulikuwa ua wake. Siku ya Jumapili aliwavika watoto nguo safi, akawapeleka kwa miguu, wakacheza majanini, naye akapumzika kivulini. Wahubiri walihubiri hapo, wapiga picha walipata riziki yao hapo, na sherehe za taifa zilifanywa hapo.

Mradi wa Mwaka 1989

Mwaka 1989 zikasikika habari kwamba katika bustani hiyo litajengwa jumba la ghorofa 60, lililotazamiwa kuwa refu kupita yote katika Afrika. Wenye mradi walikuwa Kenya Times Media Trust, shirika la chama cha KANU lililohusika na gazeti la Kenya Times, wakishirikiana na Robert Maxwell, mwenye magazeti wa Uingereza. Ndani yake zingekuwamo ofisi za chama na za gazeti, maduka, ukumbi wa mikutano na nafasi ya kuweka motokaa 2,000. Tena ingesimamishwa sanamu ya Rais. Gharama yake ilitajwa kuwa kama dola milioni 200 za Marekani, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ikopwe nchi za nje.

Yatupasa kusema kwa haki kwamba waliotaka jumba hilo walikuwa na hoja zao. Walisema kwamba litakuwa fahari ya nchi, na ya kuwa lingechukua sehemu tu ya bustani. Hoja hizo zilistahili kupimwa barazani, mbele ya watu. Lakini wakati ule Nairobi haikuwa na baraza la madiwani waliochaguliwa. Tangu mwaka 1983 mji ulikuwa ukitawaliwa na Kamisheni iliyoteuliwa na Serikali. Kwa hiyo mkazi hakuwa na diwani wa kumsimamisha njiani na kumwuliza, "Bwana, bustani yetu yaenda wapi?" Wala hapakuwa na kura ya kumwondoa.

Barua Zilizoandikwa

Aliyesimama mbele kupinga alikuwa Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa Green Belt Movement, chama cha wanawake wapandaji miti kilichoanzishwa mwaka 1977. Twaomba wanachama waangalie jinsi alivyoanza. Hakuanza kwa fujo, alianza kwa kalamu. Mwezi wa Oktoba 1989 aliwaandikia wenye gazeti, akaandikia Ofisi ya Rais, Kamisheni ya Mji, wizara ya mazingira, na hata mashirika ya Umoja wa Mataifa. Alimwandikia pia Balozi wa Uingereza, akiuliza kama watu wa London wangekubali jumba kama hilo lisimamishwe katika Hyde Park. Wananchi wengine wakafuata, wakapeleka barua zao magazetini.

Majibu hayakuhusu bustani, yalimhusu mwandishi. Mwezi wa Novemba Bunge liliacha shughuli zake za kawaida ili kumjadili. Wabunge walikidhihaki chama chake kuwa si chama cha kweli, wakasema ni kundi la wanawake walioachwa na waume zao. Tarehe 15 Novemba 1989 msingi ulianza kuchimbwa. Na tarehe 12 Desemba, siku ya Jamhuri, katika bustani ile ile, Rais Daniel arap Moi alisema katika hotuba yake kwamba mwanamke mwenye kufuata desturi za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Haukupita muda mrefu, Green Belt Movement kikaamriwa kuhama katika ofisi ya Serikali kilimokuwa kikifanya kazi kwa miaka kumi.

Sisi tuliolelewa na wazee twajua kwamba heshima ni jambo kubwa. Lakini twajua pia kwamba katika mabaraza ya wazee, mwenye neno alisikilizwa kwanza hata akamaliza, ndipo akajibiwa. Kumjibu mtu kwa kutaja ndoa yake, hali yeye ameuliza habari za ardhi, si desturi ya baraza lolote tulilolijua.

Mlango wa Korti

Profesa Maathai alikwenda Korti Kuu mwezi wa Novemba kuomba kazi isimamishwe. Tarehe 11 Desemba 1989 Jaji Dugdale alilitupa shauri lake. Jaji hakuamua kama ni vema au ni vibaya kujenga jumba katika bustani. Aliamua kwamba mwenye kushtaki hakuwa na haki ya kushtaki, na kwamba maoni yake mwenyewe hayakuwa na uzito mbele ya korti. Akaongeza ya kuwa majengo mengi husimamishwa Nairobi pasipo watu wengi kuulizwa.

Hapo ndipo kiini cha habari hizi. Lau kama mtu angaliingia katika shamba la jirani, jirani huyo angalishtaki na kusikilizwa. Lakini bustani ilikuwa ya watu wote, na kwa sababu ni ya wote, hapana mmoja aliyeonekana kuwa na haki ya kuitetea. Mali ya wote ikageuka kuwa mali isiyo na mwenyewe.

Jumba Halikujengwa

Hata hivyo, jumba lile halikusimama. Nchi na mabenki yaliyotarajiwa kutoa mkopo yaliziona barua na kuyasikia malalamiko, yakaanza kusita. Tarehe 29 Januari 1990 Serikali ilitangaza kwamba mradi utapunguzwa. Kisha ukaachwa kabisa, na mwezi wa Februari 1992 ua uliozungushiwa mahali pale ukaondolewa.

Twafurahi kwa matokeo hayo, lakini tusifurahi upesi mno. Raia walipiga kelele mlangoni mwa viongozi wao, na mlango haukufunguliwa. Aliyeitikia ni mwenye fedha aliyekaa ng'ambo ya bahari. Je, kama jumba lingalijengwa kwa fedha zisizohitaji mkopo, nani angalisikia? Mji hauwezi kutegemea bahati ya namna hiyo kila mara.

Hapana aseme kwamba lilikuwa jambo la mara moja. Jeevanjee Gardens, bustani ndogo iliyotolewa na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee kwa ajili ya watu wa Nairobi mwaka 1906, nayo ilitamaniwa na wajenzi mwaka 1991, ikaokolewa kwa juhudi za wakazi wakiongozwa na mjukuu wake, Bibi Zarina Patel. Msitu wa Karura ulitaka kugawanywa, na tarehe 8 Januari 1999 watu waliokwenda kupanda miti huko walipigwa na walinzi. Na tume ya wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003, ilieleza kwa urefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria katika nchi nzima.

Sheria Iligeuka

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia mazingira, iliyompa kila mtu nafasi ya kwenda kortini kuyatetea, hata kama yeye mwenyewe hakupata hasara. Kisha ikaja Katiba mpya. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 chasema kwamba mwenye kudai haki hiyo halazimiki kuonyesha kuwa mtu yeyote ameumia. Na kifungu cha 10 chataja ushirikishwaji wa watu kuwa miongoni mwa kanuni za utawala. Katiba hiyo Rais Mwai Kibaki aliitia sahihi mbele ya umati wa watu tarehe 27 Agosti 2010, katika Uhuru Park yenyewe. Lau barua za mwaka 1989 zisingaliandikwa, huenda umati ule usingalipata mahali pa kusimama.

Yatupasayo Sisi

Kwa hiyo chama chetu chapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tawi lichague mtu wa kusoma matangazo ya mipango ya mji magazetini na katika mbao za matangazo, maana pingamizi lifikalo baada ya msingi kuchimbwa huwa limechelewa. Pili, pingamizi liandikwe, litiwe sahihi na tarehe, na nakala yake ihifadhiwe. Neno la mdomo hukanwa, bali karatasi husema hata mwandishi akiwa hayupo. Tatu, wanapoitwa raia kutoa maoni, twende, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Viongozi wa mji ni watumishi wetu, nasi twawaheshimu. Heshima hiyo haituzuii kuwauliza, kabla mti haujakatwa, ni nani aliyeulizwa. Mlango uliofungwa mwaka 1989 sasa una ufunguo, na ufunguo huo umo mikononi mwa kila raia. Kazi iliyobaki ni kuutumia.